Goti ya Kasereka

Batoto yangu ba imagerie, ba kupiga picha ya ndani ya mwili, kila mara munanikuta mu njia munaniuliza: Papa Kakule, kati ya mashine byote byenye ulitumia, gani njo ilikupendeza sana? Munataka niseme IRM, ile mashine kubwa ya sumaku yenye inapiga picha ya ndani ya mwili. Haya, IRM. Ilinipendeza kweli. Mais munikalie kidogo nibaelezee siku yenye ile mashine ilisema ukweli na miye nikausoma vibaya, mpaka mutu akakaribia kukatwa muguu juu ya kichwa yangu ngumu. Ile ya kunisifu mutaisema ku matanga yangu.

Nilianza kazi hapa Butembo wakati bado tunasafisha film mu chumba cha giza. Mikono ilikuwa inanuka dawa, bibi yangu alinikatazaka kukata bugali mbele ya wageni. Mwenye alinifundisha aliitwa Mama Masika, mwanamuke mufupi, wa sauti ndogo, mais ukikosa alikuangalia tu, na weye mwenyewe unaanza kutafuta kosa lako. Mgonjwa akifika, Mama Masika hakukimbilia mashine. Alimutosha bilato mu miguu, akamuwekea vidole mbili juu ya muguu, pale damu inapigapiga kati ya mufupa wa kidole kikubwa na wa pili. Anafunga macho, anasikiliza na vidole.

"Mama," nilimuuliza siku moja, "huyu amevunjika mukono. Muguu unahusu nini?"

"Haihusu," alinijibu. "Niko namusalimia."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, kila kitu kilikuwa kichekesho. Mais nilijifunza, na miaka mingi nilisalimia miguu ya batu vile vile, mpaka ile siku IRM ilifika na nikajiona mukubwa.

IRM yetu ilikuwa occasion, ya kutumiwa tayari na bengine, sawa na motokari zetu. Ilipita mupaka wa Kasindi, ikafika Beni, na kutoka Beni njo Hadji Abdala aliileta na camion yake. Hadji ni transporteur wa kweli, mutu wa sala na wa matusi, byote kwa saa yake. Mu matope aliendesha pole pole mpaka bote ba pikipiki bakamupita bakimucheka, na hakujali. Tulipoiwasha na ikatulia, akakuya kuangalia "mutoto wake". Nikamuambia atoshe bifungulo mu mufuko mbele ya kuingia.

"Kakule, hii mashine miye njo niliileta. Itanifanya nini?"

Alipiga hatua mbili ndani. Mufuko wa kanzu yake ukainuka peke yake, ukanyooka mbele, unaonyesha mashine na kidole. Hadji akauangalia. Akarudi nyuma pole pole, mukono juu ya mufuko, akasema, "Sawa. Imekuwa mukubwa kunipita." Tangu ile siku, akileta mutu wa jamaa, yeye mwenyewe njo anamupekua ku mulango.

Ile sumaku hailalaki, batoto. Courant ya umeme ikikatika, yenyewe inaendelea kuvuta. Miye nilikuwa na kasumaku kadogo nilikatosha mu haut-parleur, ile spika ya redio iliyokufa, nimekafunga na kamba. Kila kitu cha kuingia, mukaba, fimbo, sindiria ya mama, ninakipitishia kasumaku. Kikishika, hakiingii. Ata leo kako mu mufuko wangu. Mukuye kukachukua, juu hapa nyumbani kananishikia tu sindano ya bibi.

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Batu wengi banafikiri IRM ni ya kuona mufupa na ubongo. Siye tulijifunza kuitumia kwa kitu kingine: kujua musuli unapata damu ngapi, na unakula oksijene ngapi. Hakuna kukata mutu, hakuna kumuchoma sindano. Musikilize vile tulifanyaka.

Munalalisha mutu, munazungushia shavu la muguu ile antene laini yenye inapokea sauti ya sumaku, na ku paja munafunga brassard, ule mukaba wa kupimia tension ya damu, mais mupana. Mupira wake wa kupitisha pumzi muuvutishe murefu, upite mu katobo ka ukuta, juu ile saa ya kusoma tension ni chuma na itabaki inje na weye. Munapiga picha moja moja, haraka haraka, mutu ametulia. Kiisha munajaza brassard mpaka damu inasimama. Dakika tano. Mu zile dakika musuli unakula oksijene yenye ilibaki ndani, na mu picha unaanza kuwa mweusi kidogo kidogo, juu damu isiyo na oksijene inaharibu sauti ya sumaku. Halafu munaachilia pale pale. Damu mupya inaingia kwa nguvu, na musuli unageuka mweupe kupita vile ulikuwa mbele, kiisha unarudia hali yake. Muhesabu sekunde kutoka kuachilia mpaka weupe wa mwisho. Musuli wenye njia ya damu muzuri unafika mbio. Wenye njia mubaya unajikokota.

Na kuna picha ingine yenye inapima damu vile inakimbia mu mushipa. Ukijua damu ngapi inaingia, na ukiangalia damu inayotoka vile bado iko na oksijene, basi unajua musuli ulikula nini hapo katikati. Ni kama mama anapeleka sahani ku meza na kuirudisha ku jikoni: akiangalia yenye ilibaki, anajua bageni walikula ngapi. Hiyo njo yote. Kama mutu anakueleza na maneno makubwa, umuombe akueleze tena.

Kosa za kijinga zilikuwa nyingi. Mara ya kwanza nilifunga brassard ku mupasta mumoja wa Luofu, nikasahau kumuambia kama muguu utakufa ganzi. Ku dakika ya tatu nikasikia mu micro anaanza kuaga batoto yake, jina kwa jina. Tulipiga picha ya maombi tu ile siku. Tangu pale ninaelezea mutu byote mbele: utasikia kufinya, utasikia sindano sindano, kiisha joto, na joto ni muzuri.

Sasa Kasereka.

Kasereka alikuwa muchukudeur. Ninyi ba Bulengera munamujua mutu wa chukudu, mais niandike kwa benye hawajue: ni ile trottinette ya mbao ya magurudumu mbili, ndefu kama kitanda, inabeba biazi, mashu, ile kabichi, makala, ata mufu. Mu njia ya tambarare mutu anapiga goti moja juu ya kile kipande cha kilato kilichopigiliwa ku ubao, na muguu ingine unasukuma chini. Ku muteremuko anakaa vile vile na goti, anashuka. Ku mulima anasukuma na mwili wote. Kasereka alitokaka njia ya Kirumba na mizigo tangu ujana, goti ya kushoto ku ubao, muguu wa kuume ku udongo. Mutu wa miaka makumi tatu na kitu, mabega kama mulango, sauti ya kucheka. Mais shavu la muguu wa kushoto lilikuwa linamuuma.

"Linauma namna gani?" Docteur Muhindo alimuuliza. Huyu Docteur Muhindo ni yule mama wa miwani, munamujua, mwenye hasahau kitu.

"Linakaza, Docteur. Nikipanda kidogo, linakaza kama kamba. Ninasimama, ninahesabu mpaka makumi tano, linaachilia. Ninaenda tena, linakaza tena. Bengine bananipita na mizigo. Ata batoto bananipita."

"Na ukipumzika siku mbili?"

"Nikipumzika siku mbili, Docteur, ku nyumba kwangu bote banapumzika kula."

Docteur alimuleta kwangu tupime damu ya misuli. Nilimulalisha, miguu yote mbili imenyooka muzuri, nikafanya byote vile bilivyoandikwa. Muguu wa kuume: damu iliingia mbio, picha ya kupendeza. Wa kushoto: ilifika, mais ilichelewa. Tena musuli wenyewe ulikuwa mudogo kupita ule wa kuume. Niliona ile tofauti, batoto. Hapana kufikiri sikuiona. Niliiona na macho yangu mbili.

Na hapa njo kosa. Kama ningekuwa mutu wa mbali, mwenye hajaona chukudu, ningeshituka. Ningesema: muguu huu una shida. Mais miye ni mutoto wa hapa. Miye ninajua chukudu. Nilijisemea, ku kichwa, na kiburi: bien sûr, ni wazi, wa kuume njo unasukuma siku nzima, wa kushoto unapiga goti kama mutu ku kanisa. Musuli wa kazi unapata damu mingi, musuli wa goti ni muvivu. Nikaandika ku rapport: tofauti ya kushoto na kuume inatokana na kazi ya mugonjwa. Nikatia sahihi. Nilijisifu ata mbele ya bajeune, bale vijana ba kazi: "Munaona? Mashine inaomba mutu mwenye kujua batu."

Na sikumushika muguu. Bilato yake nilimutosha sababu tu bilikuwa na misumari, nikaviweka mu kikapu. Vidole vya Mama Masika nilivisahau kabisa.

Kasereka alirudia ku mizigo na dawa ya maumivu. Miezi ikapita. Kiisha siku moja, asubuhi, bachukudeur wenzake bawili bakamuleta kliniki, bamemulaza juu ya chukudu yake mwenyewe, kati ya magunia. Muguu wa kushoto ulikuwa baridi, vidole bilikuwa na rangi mubaya. Ilikuwa njia ya Kirumba, muteremuko murefu, alikaa na goti saa nzima juu ya mizigo muzito, na alipotaka kusimama, muguu haukumusikia.

Pole pole, akilala, joto likarudia. Docteur Muhindo aliniita mu bureau, ofisi yake, akaweka rapport yangu juu ya meza, akaigeuza inielekee.

"Papa Kakule, hapa uliandika ni kazi."

"Ndiyo, Docteur."

"Kama damu haipiti na hatujui juu ya nini, iko siku haitarudia tena. Na siku haitarudia, tutaukata chini ya goti. Unaelewa?"

Nilielewa. Ningeweza kumuambia kama ugonjwa ulianza picha yangu imekwisha kupita, na hakuna mutu angenibisha. Nilifikiria ile maneno, siwadanganyi, niliifikiria muda wa kutosha kuona haya. Kiisha nikasema, "Docteur, niliona tofauti. Niliipatia jina mbele ya kuitafuta. Ni miye nilikosa."

Akatosha miwani. "Basi tuitafute sasa."

Nikaenda kwa Kasereka nikamuambia vile vile, mbele ya bibi yake Kavira. Nilifikiri atanitukana. Kasereka aliangalia muguu wake, akasema, "Papa Kakule, ata miye nilijisemea ni uvivu." Kavira alinifunikia uso wake na kitenge, akageukia dirisha, na ile iliniuma kupita matusi.

Ile siku nilikaa mu lupango, kiwanja cha kliniki, ninaangalia ile chukudu yake imeegemea ukuta. Kile kipande cha kilato cha goti kilikuwa kimekwisha, kimefanya shimo ya goti yake kabisa. Nikaanza kujiuliza swali ya kijinga: huyu mutu, lini alikuwa amenyoosha muguu? Ku mashine yangu tu. Kazi yake karibu yote anaifanya goti imekunjwa.

Nikarudia ndani. "Kasereka, unaweza kutoka inje kidogo? Nionyeshe vile unafanyaka kazi."

Tukamushika mabega, akapanda juu ya chukudu, imesimama tu, akaweka goti ya kushoto mu shimo yake. Nikainama mu vumbi, nikamutosha kilato, nikaweka vidole mbili pale Mama Masika alinionyesha. Muguu ukinyooka: tuk, tuk, tuk, damu iko. Akikunja goti: tuk, tuk, halafu kimya. Anyooshe: inarudia. Akunje: kimya. Tulifanya mara sita. Docteur Muhindo akainama naye mu vumbi, blouse yake nyeupe ya kidaktari na yote, akaweka vidole vyake, akaniangalia.

"Goti iende mu mashine imekunjwa," alisema.

Kusema ni rahisi. Lile shimo la IRM ni fupi na nyembamba, mutu wa mabega kama mulango analijaza. Ilifaa alale ubavu, na kitu cha mbao kishikilie goti ikae imekunjwa bila kutetemeka. Nikaenda kwa Paluku, seremala wa machukudu, yule wa karibu na soko. Nikamuchorea ku karatasi.

"Hapana musumari, Paluku. Ata mumoja. Gundi na vijiti bya mbao."

"Papa Kakule, unanifundisha mbao?"

Kesho yake akanipa kitu kizuri, kimelainishwa, cha muti wa eucalyptus. Nikapitisha kasumaku kangu. Tak. Kakashika ku kona.

"Paluku."

"Ile si musumari," Paluku alisema bila haya. "Ni nusu ya musumari."

Alikitengeneza tena, ananung'unika mu Kinande kuhusu bazee ba hôpital. Ya pili kasumaku hakakugusa kitu. Tukamulaza Kasereka ubavu, goti imekunjwa juu ya mbao ya Paluku, antene laini ku shavu la muguu, antene ingine nyuma ya goti. Brassard nikaifunga mais sikuijaza. Nilitaka kuangalia kwanza.

Muangalie muzuri hapa. Mu picha ya damu inayokimbia, nyuma ya goti unatafutaka kadoa keupe, kanawaka kila moyo ukipiga. Ku goti ya kuume kalikuwa kanawaka. Ku ya kushoto, kamebaki kauzi tu. Na shavu la muguu, picha nyuma ya picha, likaanza kuwa mweusi. Pole pole, vile vile linafanyaka tukijaza brassard. Mais brassard ilikuwa tupu, mupira umelala chini. Goti yake mwenyewe njo ilikuwa brassard. Alikuwa anajifunga damu kila siku kutoka Kirumba mpaka Bulengera, na anasukuma mizigo ya batu.

Nikabadilisha picha, ya kutafuta maji. Njo tukaikuta: kifuko cha maji, kama punje ya maharagi, kimeota ku ukuta wa mushipa wenyewe, nyuma ya goti. Muguu ukinyooka, kinaacha damu ipite kidogo, njo sababu mara ya kwanza damu ilichelewa bila kusimama. Goti ikikunjwa, kinafunga mulango.

Docteur Muhindo akafungua micro.

"Kasereka, unasikia?"

"Ninasikia, Docteur. Inamalizika lini? Muguu umekaza."

"Nyoosha. Tumekiona. Hatuukate muguu. Tutatosha kitu kidogo."

Mu micro tukasikia kitu kama mutu anakohoa, na anakohoa tena. Nikamuambia infirmier, muuguzi wetu, akuye kumutosha mu mashine, juu huyo mutu alikuwa analia, na mule ndani ni nyembamba, huwezi ata kujipangusa. Kavira alikuwa ku mulango. Nilipomuelezea, alinishika mukono na mikono yake yote mbili, akasema "wasingya, wasingya", na miye nilikuwa nafikiri: asante ya nini, mama, na rapport yangu iko pale ku meza. Mais niliipokea. Nilikuwa naihitaji.

Walimupasua nyuma ya goti, kazi ya asubuhi moja. Kidonda kilipokauka tulimurudisha mu mashine, goti imenyooka, kiisha imekunjwa. Damu ilikimbia pande zote mbili. Bado musuli wa kushoto ulikuwa mudogo, bien sûr, na hapo sasa njo tofauti ilitokana na kazi kweli. Nilicheka peke yangu. Nikaandika rapport, na chini yake nikaandika tena ile ya zamani, na kosa langu, ili mwenye atakuya nyuma alione.

Ile mbao ya Paluku bado iko pale, ku kona ya chumba. Ninyi munaiita "goti ya Kasereka", na bengine kati yenu hamukujua Kasereka ni nani. Sasa munajua. Munaitumia kwa bafundi, kwa bamama ba kusaga mihogo, kwa bale bote benye kazi yao haifanyike wamenyooka. Ninasikia munabaomba batu baonyeshe vile banafanyaka kazi mbele ya kulala. Ile inanipendeza kupita pesa ya retraite.

Kuna kitu kimoja kilibaki. Mwezi uliopita nilikuwa napanda ule mulima wa Bulengera na muguu, ninabeba kamufuko ka sukari, ninapumua kama muzee. Nyuma yangu nikasikia yale magurudumu ya mbao, na sauti: "Njia! Njia, Papa!" Nikaruka ku kando. Ilikuwa chukudu imejaa mashu mpaka juu, na nyuma yake mabega kama mulango. Kasereka. Kichwa chini, jasho ku shingo, miguu yote mbili inasukuma udongo. Aliniona, akainua nyusi, akacheka na meno yote.

Nilianza kuhesabu, bila kutaka. Nilijua pale alisimamaka zamani: ku muti wa avoka, ku boutique ya chumvi, ku kona ya kanisa. Akapita muti. Akapita boutique. Akapita kona.

Hakusimama ata kunisalimia.